Kitini cha Historia na Jiografia ya Zanzibar cha shilingi 4,000: nimekisoma chote

Wazee wengi wa wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza muhula huu kama kile kitini cha jalada la buluu kinachouzwa kwenye steshenari za Chake Chake kinafaa kununuliwa. Nasomesha historia sekondari hapa Pemba, na vitini vya namna hii nimeviona vikija na kupita, lakini hiki kimeenea kuliko vyote. Ukiingia Fomu Tatu unakikuta karibu kila deski, kimechakaa pembe kwa kufunguliwa. Basi nikakinunua na mimi, nikakisoma kutoka jalada mpaka jalada na kalamu nyekundu mkononi. Kila nilipoweza nilikilinganisha na vitabu vya maktaba, takwimu za serikali, na watu wanaoijua kazi yao. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mzazi ambaye bado ana pesa yake mkononi, na kwa mwanafunzi ambaye kitini tayari kiko mkobani.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kina sehemu nzuri, tena nzuri kweli, na kina sehemu zitakazomkosesha mtoto alama. Lakini makosa yaliyomo siyo yaliyonisumbua zaidi. Kilichonisumbua ni kwamba kitini hakimpi mwanafunzi njia yoyote ya kuyagundua. Hakina jina la mtunzi, hakina mwaka, hakina mahali kilipochapishwa. Ukurasa wa mwisho una kichwa cha herufi kubwa, VYANZO, na chini yake yamepangwa mambo matatu tu: Google, intaneti, vitabu mbalimbali.

Kwanza umbo lake. Ni karatasi za A4, kurasa 86, zimebanwa kwa stepla upande mmoja, jalada la manila. Herufi ni kubwa na mistari imeachiana vizuri, mtoto anaweza kusoma hata kwa mwanga hafifu. Kurasa za mwisho za nakala yangu zimefifia, bila shaka wino wa mashine ulikuwa unakwisha, kwa hiyo kagua kabla hujalipa. Ramani ya Pemba iliyochorwa kwa mkono ndiyo kazi bora ya kitini kizima: Mkoani, Chake, Wete, Konde na Micheweni ziko mahali pake, ghuba za upande wa magharibi zimechorwa kwa uangalifu, na hata visiwa vidogo vya Misali na Kojani havikusahauliwa. Aliyeichora anaijua Pemba kwa miguu yake.

Na kimeandikwa Kiswahili. Hili ndilo linalokiuza, na silibezi hata kidogo. Somo la historia sekondari tunalisomesha kwa Kiingereza, na mtoto wa Fomu Mbili anayehangaika na lugha hapati nafasi ya kuhangaika na historia yenyewe. Akikuta mtu amemweleza kwa lugha ya nyumbani kwao, anashukuru, na akishashukuru anaamini kila kitu. Hapo ndipo mimi mwalimu wake ninapoanza kuingiwa na wasiwasi.

Kuna jambo ninalowaambia wanafunzi wangu kila mwaka wanapoingia Fomu Wani. Nyinyi nyote mmepita chuo cha Kurani kwa maalimu. Mnajua kwamba hadithi ya Mtume haiji peke yake. Inakuja na sanadi yake, fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Wanazuoni waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja: alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, aliishi zama moja na yule anayedai kusikia kwake? Ndipo hadithi ikaitwa sahihi, au hasan, au dhaifu, au ikabainika kuwa imezuliwa. Silinganishi kitini na hadithi za Mtume, hasha. Ninachosema ni kwamba adabu ya kuuliza "umepokea kwa nani?" hamkuipata kwangu wala kwa Mzungu, mlikuja nayo kutoka chuoni. Kwa nini basi muiache nje ya mlango wa steshenari?

Kwa adabu hiyohiyo nilikisoma kitini hiki, na kwa kuwa hakina mwaka, kazi ya kwanza ilikuwa kukitafutia umri wake. Katika sura ya idadi ya watu kimeandika kwamba "kwa sasa" Zanzibar ina watu 1,303,569. Nambari hiyo si ya uongo. Ni ya sensa ya 2012, mpaka tarakimu ya mwisho. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, kati yao 543,441 wakiwa Pemba. Kitini kinasema pia Zanzibar ina wilaya 10, na leo ziko 11, maana Wilaya ya Magharibi kule Unguja iligawanywa ikawa Magharibi A na Magharibi B. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Masultani kule Unguja, imeelezwa kama makumbusho ambayo wageni "wanaingia kila siku", wakati sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Mpaka hapo nilishaamini kitini kimeandikwa kabla ya mwaka huo. Kisha nikafungua ukurasa wa marais, nikamkuta Dk. Hussein Ali Mwinyi, Rais wa awamu ya nane, aliyeapishwa Novemba 2020.

Maana yake ni nini? Maana yake kitini hakikuandikwa mara moja na mtu mmoja. Kimeunganishwa vipande vya nyakati mbalimbali, ukurasa mmoja ukafanyiwa marekebisho na jirani yake ukaachwa vilevile. Mwanafunzi anayelijua hili hatakitupa kitini. Atajua kwamba kuuamini ukurasa wa 12 hakumpi sababu ya kuuamini ukurasa wa 13. Kila ukurasa usimame kwa miguu yake.

Takwimu, kwa bahati nzuri, ndizo rahisi kuzihakiki. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar inatoa ripoti zake za sensa bure kwenye tovuti, na mtoto mwenye simu na bando dogo anazisoma akiwa nyumbani. Nawaambia wanafunzi wangu: nambari yoyote ya watu isiyofuatana na mwaka iachwe hapohapo mpaka mwaka wake upatikane.

Sasa nije kwenye sura ya vita vya 1896, maana ndiyo wanayoipenda zaidi na ndiyo niliyoikalia kwa muda mrefu. Kisa kinajulikana. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasrini akajitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza, nao wakampa muda: ikifika saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka. Hakutoka. Manowari zikapiga mizinga, Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, ikabomolewa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama, Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Hamoud bin Muhammed akakalishwa kwenye kiti cha usultani. Vinaitwa vita vifupi kuliko vyote katika historia.

Ukurasa wa 29 wa kitini unasema vita vilidumu dakika 38. Ukurasa wa 33 unasema dakika 45. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana makini, alinijia na kurasa zote mbili zimefunguliwa akaniuliza aandike ipi. Nilifurahi kuliko siku nyingi, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Nambari zote mbili zimo katika vitabu vinavyoheshimika, na iko pia ya dakika 40. Hitilafu inatokana na saa waliyoanzia kuhesabu na saa waliyoishia. Kuna anayeanza na saa 3 kamili muda wa onyo ulipokwisha, kuna anayeanza na mzinga wa kwanza, dakika mbili baadaye. Kuna anayemaliza bendera ilipoanguka, na kuna anayemaliza mizinga iliponyamaza kabisa. Ukieleza hivyo kwenye mtihani, tena kwa sentensi mbili, msahihishaji anajua amekutana na mtu aliyefikiri. Kitini kimeziweka nambari zote mbili bila kushtuka, kwa sababu kila moja imetoka kwenye maandishi tofauti na aliyezikusanya hakuzikutanisha.

Katika sura hiyohiyo kuna dalili nyingine. Kitini kinasema mizinga ilianza kulia "saa 9 na dakika 2 asubuhi". Hakuna mtu aliyezaliwa Chake wala Ng'ambo mjini Unguja anayeweza kusema saa 9 asubuhi. Aliyeandika alikuwa mbele ya maandishi ya Kiingereza, au ameyapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, na saa ikabaki ya Kizungu. Ni kosa dogo, lakini linatuonyesha habari imepitia wapi kabla ya kufika Chake, na linatufundisha kuchunga kila tarakimu iliyo karibu nalo.

Halafu idadi ya walioumia. Kitini kimeandika kwamba watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa. Vitabu vinasema wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Neno "kujeruhiwa" limeanguka njiani na mamia ya majeruhi wamegeuzwa maiti. Kisha muulize mtoto: hesabu hii imetoka kwa nani? Imetoka zaidi kwa waliokuwa upande wa manowari: taarifa za jeshi la majini, barua za ubalozi, magazeti ya London. Waliokuwa ndani ya kasri, askari na watumwa na watumishi waliopigwa mizinga ile, hawakuacha maandishi mengi ya kututosheleza. Hilo haliifanyi hesabu kuwa ya uongo. Linatukumbusha imepigwa kutoka upande upi wa bahari.

Hapo kitini kikaongeza jambo lililonikera. Kimeandika "kama anavyosimulia Bibi Salme katika kitabu chake", kisha kikaendelea na habari za kupigwa kwa kasri. Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kitabu cha 1886 kinasimuliaje vita vya 1896? Kwa maisha ya ndani ya kasri la Mtoni, chakula, mavazi, ugomvi wa ndugu, sikukuu, hakuna shahidi mkubwa kuliko yeye, maana aliyaishi. Kwa mizinga ya 1896 kitabu kile hakina lolote la kusema. Mwanafunzi hahitaji maktaba kuligundua hili. Anahitaji miaka miwili tu, mwaka wa kitabu na mwaka wa tukio, na hiyo ndiyo sababu naudai mwaka kwa sauti kubwa kila ninapopewa karatasi.

Picha. Ukurasa wa 31 una picha nusu ukurasa, na chini yake: "Beit al-Ajaib kabla ya vita vya 1896". Itazame vizuri. Jumba limesimama na mnara wa saa umeota katikati ya paa lake, kama sote tulivyouzoea kabla haujaporomoka. Sasa, jumba lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na wakati huo mnara wa taa wenye saa ulikuwa umesimama peke yake, mbele ya jumba. Mizinga ya 1896 iliuharibu mnara ule, ukavunjwa, na mnara mpya ukajengwa ukiwa umeshikana na jumba mwaka 1897. Kwa hiyo picha yoyote inayoonyesha mnara juu ya Beit al-Ajaib imepigwa baada ya vita, haiwezekani vinginevyo. Nilipowaonyesha darasani, kwanza picha ya kitini kisha picha ya zamani yenye mnara uliojitenga, walinyamaza, halafu wakaanza kufungua kurasa nyingine kuzikagua picha wenyewe. Mmoja aliipiga picha ile kwa simu akaitafuta mtandaoni kwa picha yenyewe badala ya maneno, akaikuta kwenye tovuti za watalii bila tarehe yoyote. Aliyetengeneza kitini aliiokota huko na maelezo akaibunia.

Kuhusu karafuu nitasema kwa uchungu kidogo, kwa kuwa mimi ni Mpemba na nimekulia majamvini. Kitini kinasema: "Zanzibar ni ya kwanza duniani kwa kuzalisha karafuu." Tulikuwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba na sisi tukawa tunailisha dunia. Lakini Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zao za kretek zinazotiwa karafuu, ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na leo ndiyo inayoongoza, tena kwa mbali sana. Sentensi ile ilikuwa kweli siku fulani, mtu akainakili, mwingine akainakili kwake, na kila aliyenakili hakuona haja ya kuuliza kwa sababu inapendeza. Mtoto aliyechuma karafuu likizo nzima na vidole vikanuka wiki mbili atataka sentensi hiyo iwe kweli. Nilimwambia darasani aliyebisha sana: jambo unalolitaka liwe kweli ndilo la kulihakiki mara mbili. Alibisha mpaka alipotafuta mwenyewe takwimu za shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa.

Sura ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ina kurasa tatu tu, na imeandikwa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kubishana kuhusu jambo lolote ndani yake. Inatoa idadi moja ya waliokufa, nambari kamili, bila kusema imetoka wapi. Kila mwandishi aliyeandika mambo haya ametoa idadi yake, na zinapishana kwa maelfu. Anayeandika akiwa amepoteza nyumba na ndugu ana pa kusimama, anayeandika akiwa amepata ardhi na elimu ana pa kusimama, na mwandishi wa habari wa nje aliyekaa hotelini naye ana pa kusimama. John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyesikika redioni siku zile akijitangaza kiongozi, alichapisha maelezo yake mwaka 1967, na katika maelezo hayo yeye ndiye katikati ya kila kitu. Maelezo rasmi yanamweka katikati Mzee Abeid Amani Karume na chama cha Afro-Shirazi (ASP). Okello alikuwapo, kwa hiyo hawezi kupuuzwa. Na alikuwa akijieleza mwenyewe baada ya kuondolewa nchini, kwa hiyo hawezi kupokelewa bila kulinganishwa. Nawaomba wazazi msiogope watoto kusoma zaidi ya maelezo mamoja hapa. Wengi wetu tuna mzee nyumbani aliyeziona siku zile kwa macho yake. Mtoto amkalie kitako, amuulize alikuwa wapi siku ile, aliona nini mwenyewe na alisikia nini kwa watu, na aandike yale mawili mbalimbali. Mitihani ya Fomu Wani inauliza mapokeo simulizi ni nini. Huu ndio mtihani wenyewe, na wazee hawatubakii milele.

Nimekisema vibaya kitini kwa kurasa nyingi, na haki lazima nayo itajwe. Sura ya pepo na mvua ni nzuri kiasi kwamba ningeitumia darasani kesho. Imeeleza kaskazi na kusi kwa ufasaha, pepo zipi zilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na zipi ziliyarudisha, masika ya Machi mpaka Mei, vuli ya mwisho wa mwaka, na kwa nini maji hujaa na kupwa zaidi mwezi unapoandama na unapopevuka. Niliipeleka Wesha kwa mvuvi mmoja mtu mzima, nikamsomea. Alisahihisha jambo moja tu, siku za upepo wa matlai, na akasema aliyeandika haya ama ni baharia au amekaa na mabaharia. Kwa pepo mvuvi ni shahidi ninayemkubali kabla ya kitabu, kwa sababu akikosea ndipo anapozama. Nilipomuuliza huyohuyo mwaka waliofika Wareno alicheka, akaniambia hilo niulize mimi mwalimu.

Maswali ya majaribio mwisho wa kila sura yanafaa pia. Majibu yake yasome kwa tahadhari nilizokwisha zitaja.

Nirudi kwenye lile neno Google katika ukurasa wa vyanzo, maana wanafunzi wanaliandika na wao katika kazi zao. Google haikuandika chochote kuhusu Zanzibar. Imekupeleka kwa watu walioandika, na hao ndio wa kutajwa. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo nawaruhusu kuitumia, angalau inakuonyesha historia ya kila makala, nani kaongeza nini na lini, na chini yake marejeo unayoweza kuyafuata. Makala nyingi ni fupi mno, lakini mlango wa kuhakiki umeachwa wazi. Na hizi programu za akili bandia zinazojibu kila swali kwa adabu, hatari yake ni nyingine. Zinaweza kukutungia jina la kitabu na la mwandishi ambavyo havikuwahi kuwapo, kwa lugha nzuri kuliko yangu. Sizikatazi. Nasema kitabu kilichotajwa na programu kitafutwe maktaba kwanza, kisipoonekana popote, kisiingie kwenye daftari.

Nilitaka kujua nani kakitunga, nikarudi steshenari nilikokinunua. Kijana wa dukani ni mstaarabu, aliwahi kusoma skuli ya jirani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitini nani kakileta hapa?"

"Kilikuja kwenye flashi, mwalimu. Kuna mtu wa Unguja alikuja kutoa kopi zake, akatuachia faili. Miye nachapa tu, watoto wanakitaka."

"Jina lake hulijui?"

"Silijui, wallahi. Lakini hata steshenari nyingine wanacho, labda wao ndio wanaomjua."

Nilikwenda na kwa wengine, nao wakanirudisha kwa wenzao. Basi sanadi yetu inaishia kwenye flashi. Simlaumu kijana, anatafuta riziki, na aliyeandika sura ya pepo anastahili kushukuriwa kwa jina lake. Nilimwomba mwenye duka mambo mawili ambayo hayamgharimu chochote: achape kwenye jalada mwezi na mwaka wa kila toleo analolitoa, na aandike chini ya kila sura iliyopatikana wapi, hata kama ni anuani ya tovuti tu. Alisema atalifikiria. Bei ya 4,000 haitobadilika kwa mstari mmoja wa wino.

Kwa hiyo, kununua au kutonunua? Kwa mwanafunzi wa Fomu Wani na Fomu Mbili anayekwama na Kiingereza, nunua, kwa ajili ya ramani, pepo, mvua na maswali, na hakikisha ana kitabu cha skuli pembeni. Kwa wa Fomu Nne anayejiandaa na mtihani wa Baraza, pesa hiyo ni bora aiweke akiba ya nauli. Anaweza kukaa maktaba ya Chake siku kadhaa, na akipata safari ya Unguja apite Nyaraka za Taifa pale Kilimani, akaone barua na magazeti ya zamani yanavyoonekana kabla mtu hajayafupisha. Kwa jumla nakipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Kingekuwa na jina na mwaka ningekipa tatu na nusu na makosa yake yote.

Ambao mnacho tayari, anzeni na kurasa hizi. Ukurasa wa 12, andikeni "sensa ya 2012" kando ya nambari, na chini yake ile ya 2022. Ukurasa wa 29 na wa 33, wekeni alama zipelekane. Ukurasa wa 31, futeni maneno ya chini ya picha yote. Ukurasa wa 40 wa karafuu, badilisheni "ni" iwe "ilikuwa". Nakala yangu yenye masahihisho yote ya kalamu nyekundu nimeiacha maktaba ya skuli yetu, rafu ya historia. Anayetaka kuhamishia kwenye chake aje wakati wa mapumziko na penseli, na akiona nilipokosa mimi, aandike pembeni jina lake na alikolipata.